Lugha, Jukwaa na Mkuku: Uhakiki wa Baadhi ya Istilahi za Roboti za Mashindano

Utangulizi

Makala haya yanakusudia kuhakiki istilahi chache zinazotumika, au zinazoelekea kutumika, pale walimu na wanafunzi wanapojadiliana kwa Kiswahili juu ya roboti za mashindano. Yaani zile mashine ambazo vijana wa shule huziunda, wakazitungia programu, kisha wakazishindanisha uwanjani mbele ya waamuzi. Hatukusudii kuorodhesha istilahi zote za fani hiyo. Tumechagua zile tu zinazohusu swali moja ambalo kila timu hulazimika kulijibu kabla haijakaza skrubu ya kwanza: roboti yetu itatungiwa programu kwa lugha gani, na juu ya mtambo gani?

Huenda mtu akasema kwamba swali hilo ni la mafundi, wala si la wanalugha. Sisi hatuoni hivyo. Swali likiulizwa kwa maneno mabovu hujibiwa vibaya, na gharama ya jibu baya katika jambo hili si ndogo: ni fedha za shule zilizonunua mtambo usiofaa, ni wiki za kazi zilizopotea, na zaidi ya yote ni mwanafunzi anayerudi nyumbani akiwa amekariri sauti za maneno ambayo hayakumfundisha kitu. Istilahi ni chombo cha kufikiria kabla haijawa chombo cha kutajia vitu.

Neno roboti lenyewe halina mgogoro. Lilienea duniani kutokana na tamthilia ya Karel Čapek iitwayo R.U.R., iliyochapishwa mwaka 1920, nalo limetokana na neno la Kicheki lenye maana ya kazi ya kulazimishwa. Kazi ambayo wazee wetu wa pwani waliiita shokoa. Kiswahili kingeweza kulitafutia tafsiri, lakini hakikuona haja. Kililitia irabu mwishoni kikaendelea na safari yake. Twalitaja hapa ili ieleweke tangu mwanzo kwamba hatuna ugomvi na maneno ya mkopo. Ugomvi wetu ni na neno lolote, liwe la mkopo au la asili, ambalo humpoteza njia anayelisikia.

Mashindano yenyewe

Ili msomaji asiyeyajua mashindano haya asiachwe nyuma, yafaa tueleze kwa ufupi. Shirika la FIRST lilianzishwa Marekani mwaka 1989 na mvumbuzi Dean Kamen, na mashindano yake ya kwanza ya wanafunzi wa sekondari yalifanyika New Hampshire mwaka 1992. Tangu hapo yamezaliwa mashindano ya ngazi mbalimbali: ya watoto wanaotumia vifaa vya LEGO, ya roboti za wastani, na ya roboti kubwa zinazobebwa na watu zaidi ya mmoja. Mwaka 2017 yalifanyika Washington mashindano ya kwanza ya FIRST Global, ambayo hualika timu moja kutoka kila taifa. Na timu za Kenya na Tanzania zimepata kushiriki katika mashindano hayo. Kwa hiyo jambo tunalolizungumzia halitokei ng'ambo tu.

Mchezo wa roboti kubwa una vipindi viwili. Katika mchezo wa mwaka 2025, kwa mfano, roboti ilipewa sekunde 15 za kufanya kazi peke yake kwa kufuata programu iliyotungwa kabla, kisha dakika 2 na sekunde 15 za kuongozwa na wanafunzi walioshika vifaa vya kuendeshea. Hapa Kiswahili hakina taabu hata kidogo. Kipindi cha kwanza ni cha kujiendesha, cha pili ni cha kuendeshwa. Mnyambuliko wa kitenzi kimoja umetupatia istilahi mbili fupi, zinazopingana waziwazi, ambazo mtoto wa darasa la nne huzielewa bila ya kufafanuliwa. Tungependa istilahi zote za fani hii ziwe na sifa hiyo. Bahati mbaya sivyo zilivyo.

Lugha ya programu, au lugha ya kutungia programu?

Tuanze na neno lugha. Java, Python na C++ huitwa lugha, na hatuna sababu ya kukataa. Zina msamiati, zina sarufi, na sentensi iliyokosewa sarufi haipokelewi. Lakini aghalabu watu husema lugha ya kompyuta au lugha ya programu, na maneno hayo yote mawili yana kasoro.

Lugha ya kompyuta si kweli. Kompyuta haijui Java. Inachokijua ni mfululizo wa namba ambao mafundi huuita lugha ya mashine. Java ni lugha ya mwanadamu anayetaka kuiagiza kompyuta, nayo hubadilishwa kabla ya kuifikia mashine. Anayeambiwa kwamba Java ni lugha ya kompyuta hawezi kuuliza swali lililo muhimu kuliko yote: je, ni nani anayeibadilisha, na wakati gani?

Lugha ya programu nayo ina utata. Chukua Scratch, programu ya kufundishia watoto iliyotolewa na chuo cha MIT mwaka 2007. Humo mtoto hatungi kwa herufi, bali huunganisha vipande vyenye maagizo, kimoja chini ya kingine. Scratch imetafsiriwa katika lugha nyingi za dunia, Kiswahili kikiwemo. Sasa mwalimu akiuliza, "Lugha ya programu hii ni ipi?" jibu ni lipi? Mmoja atasema ni Kiswahili, kwa kuwa maneno anayoyaona kwenye kiwambo ni ya Kiswahili. Mwingine atasema ni Scratch. Wote wawili wamejibu sawasawa. Aliyekosea ni muulizaji, au tuseme, ni istilahi aliyopewa.

Dawa ya ugonjwa huu tunayo katika sarufi yetu. Kauli ya kutendea hutuonyesha chombo na kazi yake: kisu cha kukatia, kalamu ya kuandikia, maji ya kunywea dawa. Kwa hiyo twapendekeza lugha ya kutungia programu, au kwa ufupi lugha ya kutungia. Istilahi hii inasema wazi kwamba Java ni chombo mikononi mwa mtu, na haigongani na lugha ambayo maandishi ya kiwambo yameandikwa.

Ipo faida nyingine. Kwa kuwa tumezoea kuziita lugha tu, tumezibebesha hadhi za lugha. Husikika vijana wakibishana kwamba C++ ni ya wakubwa, Python ni ya wanaoanza, na vipande vya Scratch ni vya watoto. Ubishi huo haufanani na ubishi wa mafundi. Wafanana na ule wa watu wanaohesabiana daraja kwa lugha wanazozungumza. Sisi ambao lugha yetu imewahi kuambiwa kwamba haiwezi kubeba sayansi tungepaswa kuwa wa mwisho kudharau chombo kwa sababu ya cheo chake. Kisu hakiulizwi cheo. Huulizwa kama kinakata.

Kusimba au kutunga?

Istilahi ya pili ni kitenzi. Siku hizi msimbo, kusimba na usimbaji vimeshika kasi kwa maana ya kuandika programu. Asili ya matumizi hayo twaielewa. Neno msimbo lilikwisha kubalika kwa alama zinazosimama mahali pa maelezo marefu, kama vile msimbo wa posta, na vilevile kwa maandishi ya siri ambayo asiye na ufunguo hawezi kuyasoma. Lugha ya Kiingereza hutumia neno moja kwa yote hayo na kwa programu pia. Nasi tukafuata nyayo.

Lakini programu njema si maandishi ya siri. Ni kinyume chake kabisa. Timu ya roboti ni ya wanafunzi, na wanafunzi huhitimu. Aliyetunga programu mwaka huu mwakani hayupo, na aliyekuja nyuma yake lazima aisome, aielewe na aibadilishe. Mwalimu anayewafundisha vijana kusimba anawafundisha, kwa neno lenyewe, kuficha. Kisha hushangaa anapokuta programu zao hazisomeki.

Pia kuandika hakutoshi. LabVIEW, iliyotolewa na kampuni ya National Instruments mwaka 1986, haiandikwi kwa mistari ya maneno. Huchorwa, kwa kuunganisha visanduku kwa nyuzi. Vipande vya Scratch navyo haviandikwi, hupangwa. Twahitaji kitenzi kitakachobeba kuandika, kuchora na kupanga kwa pamoja.

Kitenzi hicho tunacho, nacho ni kutunga. Mtu hutunga shairi, hutunga sheria, hutunga mtihani, na hutunga shanga katika uzi. Katika yote hayo mna mambo mawili: vitu vidogo kuwekwa kwa mpangilio, na mpangilio huo kuwa na maana. Programu ni hivyo hivyo. Twapendekeza basi kutunga programu, mtunzi wa programu na utungaji wa programu. Na msimbo ubaki kwa posta, kwa bidhaa za madukani na kwa siri za wenye siri.

Hapa twaongeza jambo moja la vitendo. Maneno machache ya lazima ya Java na Python yametoka Kiingereza, na mtunzi hawezi kuyabadilisha. Lakini majina ya vitu anavyovitaja, kama mota, mkono, gurudumu la kushoto au kasi ya juu, huyachagua mwenyewe, na hakuna kanuni ya lugha hizo inayomkataza kuyachagua kwa Kiswahili. Anayefikiri kwa Kiswahili ana haki ya kuuita mkono wa roboti mkono. Anayemfuata mwakani ataelewa upesi zaidi.

Mfasiri na mkalimani

Sasa twafika penye kiini. Tumesema kwamba lugha ya kutungia hubadilishwa kabla ya kuifikia mashine. Yako mabadiliko ya namna mbili, na tofauti yake ndiyo inayopaswa kuamua timu ichague nini.

Namna ya kwanza ni hii. Programu nzima huchukuliwa ikiwa bado katika kompyuta ya mezani, ikakaguliwa toka mwanzo hadi mwisho, ikageuzwa kuwa lugha ya mashine, kisha yale yaliyokwisha geuzwa ndiyo yapelekwayo kwenye roboti. C++ hufanyiwa hivyo. Namna ya pili: programu hupelekwa kwenye roboti kama ilivyotungwa, na humo ndani hukaa programu nyingine inayoipitia na kuitekeleza papo kwa papo, sentensi baada ya sentensi. Python yaelekea upande huo.

Katika maelezo ya Kiswahili namna hizi mbili aghalabu huchanganywa chini ya neno moja la kutafsiri, au huachwa na majina ya kigeni. Jambo hili linasikitisha, maana Kiswahili kina tofauti hiyo hiyo tangu zamani. Mfasiri hupewa andiko zima, akakaa nalo, akalisoma, akarudisha andiko jingine. Mkalimani husimama kando ya msemaji na kugeuza maneno yanapotoka kinywani. Hakuna Mswahili anayemwita mkalimani wa mahakamani mfasiri. Kwa nini basi tuitafutie fani hii maneno mapya? Programu ya namna ya kwanza na iitwe mfasiri, ya pili na iitwe mkalimani.

Faida yake si uzuri wa maneno tu. Mfano wenyewe hufundisha. Mfasiri akikuta neno asilolijua hurudisha andiko na kusema, "Hapa sielewi," kabla mtu yeyote hajalisoma tafsiri. Mkalimani hawezi kujua kwamba msemaji atatamka neno lisilojulikana mpaka alitamke, mbele ya hadhara. Ndivyo ilivyo katika roboti. Mwanafunzi aliyetangaza jina mkono, kisha katika sentensi ya mia mbili akaandika mkno, mfasiri wa C++ atamkatalia akiwa angali karakanani. Akitumia Python, roboti yaweza kuondoka salama, ikatembea, ikafika kwenye sentensi ile katika sekunde ya kumi ya kipindi cha kujiendesha, na programu ikakatika pale pale uwanjani. Kwa sababu hiyo watungaji hodari wa Python huijaribu programu yao sehemu kwa sehemu kabla ya kuipeleka kwenye roboti. Wanafanya kwa mikono yao ukaguzi ambao wenzao hufanyiwa na mfasiri.

Upande wa pili wa mizani nao una uzito. Anayetumia mkalimani hubadilisha neno moja na kujaribu tena mara moja. Hangoji kufasiriwa upya. Kwa kijana anayeanza, ambaye hujifunza kwa kujaribu na kukosea, wepesi huo ni mali.

Na Java je? Java imesimama katikati. Mfasiri wake huikagua programu yote karakanani na kuigeuza kuwa umbo la kati, ambalo si la binadamu wala si la mashine. Kisha ndani ya roboti hukaa mkalimani anayelisoma umbo hilo, na sehemu zinazorudiwa sana huzifasiri kabisa ili ziende kasi. Kwa hiyo mwanafunzi wa Java hupata ukaguzi wa mfasiri. Aidha Java hujisafishia kumbukumbu yake yenyewe, jambo linalompunguzia mtunzi mzigo, ingawa usafi huo hufanyika kwa wakati ambao yeye hakuuchagua na waweza kumchelewesha kidogo. Mtunzi wa C++ hupewa uhuru zaidi juu ya kumbukumbu, na pamoja na uhuru huo hupewa nafasi zaidi za kuharibu.

Tukiisha kusema hivi kwa Kiswahili, swali la lugha ipi ni bora hupotea lenyewe. Pahali pake huja swali lenye jibu: je, sisi twataka makosa yetu yakamatwe lini, na nani wa kuyakamata?

Jukwaa na mkuku

Istilahi inayotusumbua kuliko zote ni jukwaa. Neno hili sasa hutumika kwa mtambo mzima ambao programu huujengea makazi: kidhibiti, yaani kompyuta ndogo iliyo ndani ya roboti, mfumo wa uendeshaji ulio ndani ya kidhibiti hicho, na zana zote zinazoambatana navyo.

Jukwaa la Waswahili ni nini? Ni mahali palipoinuliwa ambapo mtu husimama aonekane, awe mwigizaji au mwanasiasa. Tena ni zile mbao na miti ambazo waashi huzifunga ili wafikie juu ya ukuta. Kwa mitandao ya kijamii maana ya kwanza inafaa sana. Watu husimama humo waonekane, na hatuna nia ya kuwashusha. Lakini kwa roboti maana zote mbili zinapotosha. Msemaji aweza kushuka jukwaa moja akapanda jingine na hotuba yake ile ile. Waashi nao hulibomoa jukwaa nyumba ikiisha. Mtambo wa roboti hauhamwi hivyo, wala haubomolewi kazi ikiisha. Humo ndimo programu imo, na ukiubadilisha waweza kulazimika kutunga upya.

Tazama historia ya mashindano ya roboti kubwa za FIRST. Hadi mwaka 2003 roboti zilitungiwa programu kwa PBASIC. Mwaka 2004 kikaja kidhibiti kilichotaka lugha ya C. Mwaka 2009 kikaja kidhibiti cha cRIO, nacho kikaleta LabVIEW na C++. Java ikaongezwa mwaka 2010. Mwaka 2015 cRIO ikaipisha roboRIO, na Python ikapokelewa rasmi juu ya roboRIO mwaka 2024. FIRST ilitangaza kwamba kidhibiti kipya kingechukua nafasi ya roboRIO kuanzia msimu wa mwaka 2027. Katika mlolongo huo si lugha iliyoita mtambo. Aghalabu ni mtambo uliokuja ukaamua lugha zipi zikae. Katika mashindano ya roboti za wastani, ambayo kidhibiti chake hutumia mfumo wa Android, wanafunzi hutunga kwa Java au kwa vipande vya kupanga. Timu inayokesha ikibishana juu ya C++ na Python kwa ajili ya mashindano hayo inabishana juu ya mlango usiokuwepo.

Kwa kufuata utaratibu wetu wa kuunda istilahi, ambao hututaka tuanze kutafuta katika Kiswahili chenyewe na lahaja zake kabla ya kwenda kukopa, tumelitafuta neno lenye maana ya kitu kinachowekwa kwanza, kinachobeba vyote, na kisichobadilishwa katikati ya kazi. Mafundi wa majahazi wanalo. Ni mkuku, yaani ule ubao mrefu wa chini ambao chombo chote huanzia. Fundi hachagui tanga kabla ya kulaza mkuku. Na ukubwa wa mkuku humwambia mapema chombo kitakuwa cha namna gani.

Tunajua pingamizi zitakazoletwa. Ya kwanza, kwamba neno hili ni la pwani, na mwanafunzi wa Tabora au wa Kakamega halijui. Twajibu kwamba wala jukwaa kwa maana hii halijui. Tofauti ni kwamba mkuku ukielezwa mara moja humfundisha jambo la kweli, na jukwaa likielezwa humfundisha jambo la uongo. Pingamizi ya pili ni kwamba lipo neno msingi, linalojulikana na wote. Hilo ni pendekezo zuri, na wengine wetu walilipenda. Lakini msingi umekwisha pewa kazi nyingi. Anayesoma "misingi ya roboti" atadhani anafundishwa kanuni za mwanzo za fani, wala hatajua kwamba anaelezwa habari za vidhibiti. Istilahi njema haina budi kuwa na maana moja katika fani moja.

Ubaya wa neno jukwaa huonekana zaidi panapotumika fedha. Vifaa vya LEGO Mindstorms, vilivyoanza kuuzwa mwaka 1998 na kupitia vizazi kadhaa, viliondolewa sokoni mwishoni mwa mwaka 2022. Shule iliyokuwa navyo haikupoteza jukwaa la kusimamia, bali chombo kilichokwisha lazwa mkuku wake. Mwalimu mkuu anayeombwa kununua jukwaa hufikiri ananunua kitu cha kupandia. Akiombwa kununua mkuku atauliza maswali ya mwenye chombo: mbao zake zapatikana wapi, fundi wake ni nani, na utadumu miaka mingapi?

Maneno madogo yenye kukwaza

Kabla hatujahitimisha, yafaa tuguse maneno mengine matatu.

La kwanza ni kitanzi, ambalo baadhi ya wafasiri hulitumia kwa sehemu ya programu inayorudiwa tena na tena. Kitanzi ni cha kunasia ndege au kunyongea mtu, huvutwa kikakaza. Programu ya roboRIO kwa kawaida hurudia kazi yake kila baada ya milisekunde 20, yaani mara 50 kwa sekunde, na hakuna kinachonaswa. Twapendekeza marudio. Wako watakaotaka mzunguko, lakini neno hilo twalihitaji kwa magurudumu, kama itakavyoonekana.

La pili ni kisimbuzi. Kifaa kinachofungwa kwenye ekseli ya gurudumu ili kupima limezunguka kiasi gani huelekea kuitwa kisimbaji au kisimbuzi, kwa kufuata umbo la jina lake la kigeni. Lakini tangu televisheni za dijitali zilipoingia majumbani, kisimbuzi ni kile kisanduku cha kupokelea matangazo. Mwanafunzi atakayetumwa kuleta kisimbuzi ataleta cha sebuleni. Kifaa hiki hupima mizunguko. Na kiitwe kipimamzunguko.

La tatu ni maktaba, kwa maana ya mkusanyiko wa taratibu zilizokwisha tungwa ambazo mtunzi huziita zimfanyie kazi. Mfano mashuhuri ni WPILib, iliyoanzia katika chuo cha Worcester Polytechnic Institute, ambayo hupatikana kwa Java, kwa C++ na kwa Python. Tungeweza kusema kwamba bohari lingefaa zaidi, maana taratibu hizi hutumiwa kama zana wala hazisomwi kama vitabu. Hata hivyo hatupendekezi badiliko. Neno maktaba limekwisha zoeleka, na halimzuii mwanafunzi kuelewa. Mhakiki wa istilahi asiwe kama mtu anayehamisha samani kila siku ili aonekane ana nyumba. Fani jirani imekwisha tuonya: kitu kimoja kimeitwa akili bandia, akili mnemba na akili unde, na msomaji amebaki akijiuliza kama ni vitu vitatu.

Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba timu ya wanafunzi inayokaa kuchagua haikabiliwi na swali moja bali na maswali kadhaa yenye mpangilio, na kwamba Kiswahili kikitumiwa vizuri huyaweka katika mpangilio huo. Kwanza: kanuni za mashindano zinaruhusu mkuku upi, na je, twaweza kuupata na kuutengeneza hapa tulipo? Pili: mkuku huo unapokea lugha zipi za kutungia? Tatu: katika hizo, ipi ina mfasiri na ipi ina mkalimani, na sisi twahitaji ukaguzi au wepesi? Nne, na pengine hili ndilo zito kuliko yote: ni ipi ambayo mwalimu au mwanafunzi aliye karibu nasi anaijua na atabaki kuifundisha baada ya wakubwa kuhitimu? Lugha ya kutungia yenye sifa zote, lakini isiyo na mtu wa kuulizwa saa kumi jioni karakanani, haitaisaidia timu hata iwe na jina kubwa namna gani.

Mikuku itabadilika. Imekwisha badilika mara kadhaa katika robo karne, na itabadilika tena. Lugha za kutungia nazo zitakuja na kwenda. Kinachobaki kwa kijana ni mawazo: marudio, sharti, ukaguzi, utaratibu, kosa la sarufi na kosa la mantiki. Mawazo hayo akiyapokea kwa lugha anayoifikiria atayahamisha toka mkuku hata mkuku. Akiyapokea kama sauti tu, kila mtambo mpya utamkuta ni mwanafunzi wa siku ya kwanza.

Mapendekezo yetu, yaani lugha ya kutungia, utungaji wa programu, mfasiri, mkalimani, mkuku, marudio na kipimamzunguko, tunayaweka mbele ya walimu, mafundi na wakereketwa wa lugha. Hatudai kwamba yote yatafaa. Mkuku hasa twaujua kuwa utabishaniwa, na tungefurahi kusikia kutoka kwa wanaofundisha mbali na bahari ni neno gani lililo vinywani mwa wanafunzi wao. Wayajaribu karakanani, wayapime, na yatakayokataliwa na wanafunzi wenyewe yaondolewe bila huruma.